Waya Ulioandikwa Nthi

Kompyuta za siku hizi zina madharau. Unaipa kitu kilichowahi kulisha watu, inakitazama, halafu inakuandikia maneno matano ya kukufukuza: programu hii haiwezi kutumika hapa. Haisemi kwa nini, wala haisemi uende wapi. Syombua aliyasoma maneno hayo mara ya kwanza Jumatatu asubuhi, ndani ya karakana yao pale Kabati, na kufikia Jumatano jioni alikuwa anayaona hata akifumba macho.

Na hakuwa anacheza. Ijumaa saa tatu kaka yake Mulwa alikuwa anarudi mbele ya hakimu kule Kitui kwa kosa la kuua bila kukusudia, na hakimu alikuwa amesema wazi kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho ya utetezi kuleta ushahidi wake. Ushahidi wenyewe ulikuwa kwenye sidii moja iliyokwaruzwa. Ikifunguka, huenda Mulwa akarudi nyumbani. Isipofunguka anaingia ndani, na wakili wao, Bwana Ndeti, alikuwa ameshawaambia wamwandae mama yao.

Ndugu hawa wawili walikuwa mafundi, na aliyewafunza ni mtu mmoja, Mwalimu Nzuki, aliyefundisha ufundi wa stima miaka thelathini na kumzomea kila aliyekaa darasani mwake. Mwalimu ndiye aliyebuni mashine ya fensi. Ni sanduku dogo la chuma linalotuma mpigo mmoja wa stima kwenye waya, kisha linapumzika kidogo, kisha linatuma mwingine. Fisi akigusa, anashtuka, anakumbuka kwao. Mtu akigusa, anatukana na kujipangusa. Siri yote iko kwenye kule kupumzika, maana stima isiyopumzika inamshika mtu na haimwachi. Ndiyo maana Mwalimu aliweka kinga ndani: mashine ikisahau kupumzika, kuna kipande kinachoimwaga stima yote ardhini kabla haijafika kwenye fensi.

Alipostaafu akarudi kwao Mbumbuni, aliwaachia Mulwa na Syombua mchoro wa ile mashine kwenye karatasi, pamoja na sidii yenye mchoro uleule na programu aliyoitumia kuuchora. Programu ilikuwa ya zamani, ya wakati kompyuta zilikuwa na skrini nyeusi na diski za kuingiza kwa mkono. Laptopu ya Syombua haikuitaka. Yeye naye hakuwa na muda wa kubembeleza. Alichukua karatasi, akaketi wiki nzima, akauchora upya mstari kwa mstari kwenye programu mpya, akatuma bodi zikatengenezwe. Mulwa akazijenga mashine, akaziuza. Waliuza kumi na mbili, kuanzia Kabati hadi Migwani, na Syombua alikuwa anajivunia kila moja.

Mojawapo aliinunua jirani yao Keinan, mfanyabiashara wa mbuzi, mume wa Abshiro mwenye duka la jumla. Fisi walikuwa wamemmalizia mbuzi. Basi asubuhi moja ya mvua mashine ile ikaacha kupumzika, na ile kinga haikufanya kitu. Keinan alikwenda kufungua lango la boma awatoe mbuzi. Abshiro alipoona amechelewa chai, alimtuma binti yake Sabrin amwite, na Sabrin ndiye aliyemkuta.

Miezi minane ilikuwa imepita. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alisema kinga ilikufa kwa sababu ubunifu ni mbovu tangu mwanzo. Bwana Ndeti alisema hapana, tulete mchoro asili. Ukionyesha kwamba kinga ilibuniwa sawasawa, na kwamba Mulwa alijenga kama ulivyo, basi lawama ni ya radi au ya mvua, na radi haifungwi jela. Shida ni kwamba mchwa walikuwa wamekula karatasi, wakabakisha pembe moja yenye jina la Mwalimu. Kilichobaki ni sidii.

Mtu wa ajabu katika haya yote alikuwa Mulwa mwenyewe. Tangu siku ya kwanza kwa polisi, alisema mashine ni yake, mchoro wa bodi ni wake, kila kitu ni chake. Syombua alimkasirikia. Aliona ni ule ukubwa wa kaka, wa kujifanya anabeba kila mzigo. Na alipoanza kuhangaika na ile sidii, Mulwa alimwambia aachane nayo, kompyuta itamharibia macho. Alisema hivyo Jumatatu, akarudia Jumanne, Jumatano akaizima laptopu kabisa. Walikosana. Syombua alimuuliza kama anataka kwenda jela kwa uvivu, naye akatoka nje bila kujibu.

Hata hivyo kufikia hapo Syombua alikuwa amepiga hatua. Alikuwa amepata programu ya bure inayojifanya kompyuta ya miaka ya tisini, unaifungua ndani ya laptopu mpya, na ndani yake vitu vya zamani vinajiona viko nyumbani. Programu ya Mwalimu ilikubali kuingia humo. Ilionyesha jina lake kwa herufi za kijani, Syombua akapiga makofi peke yake, halafu ikauliza: ufunguo uko wapi?

Alimpigia Mwalimu simu. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia ufunguo ni kidude cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta mahali pa printa, kwenye ule mlango mpana wenye matundu ishirini na tano. Waliouza programu zamani walikuwa wachoyo; bila kile kidude hupati kitu. Anacho, kiko kwenye droo pamoja na miwani iliyovunjika. Lakini kompyuta yenye mlango wa namna hiyo, akamwambia, akaitafute mwenyewe.

Alhamisi saa tano Syombua alikuwa Mbumbuni. Mwalimu Nzuki alikuwa na miaka themanini na moja, sukari ilikuwa imemla macho, jicho moja halioni kabisa na la pili linaona vivuli, lakini ulimi haukuguswa. Alimuuliza kama bado analehemu kama mtu anayepika uji. Alipotajiwa Keinan aliacha utani. Akasema kinga ilikuwepo, anaapa, anaikumbuka kama anavyokumbuka majina ya watoto wake. Wakili alikuwa ameshamwambia Syombua kwamba mahakama haitafunga kesi kwa kumbukumbu ya mzee asiyeona.

Kompyuta yenye mlango ule ilipatikana ofisini kwa kanisa la Mwalimu, mwendo wa dakika kumi. Karani wa kanisa, binti aitwaye Yvonne, alikuwa ameketi mbele yake akiandika ratiba ya mazishi ya Jumamosi. Mashine yenyewe ilikuwa nzee, lakini mtu aliiwekea mfumo mpya ili iendelee kutumika, na nyuma yake, chini ya vumbi, mlango wa printa ulikuwa bado upo. Yvonne hakufurahi. Alisema marehemu ana watoto tisa na kila mmoja ameleta picha, na kompyuta ikiharibika yeye ndiye atakayeenda kuwaeleza. Mwalimu akamwambia kuna mtu anafungwa kesho. Yvonne akahifadhi kazi yake kwenye flashi mara mbili, akaangalia saa, akasema ana mpaka saa kumi, kwa sababu saa kumi kamati ya mazishi inakuja kuchukua karatasi. Ilikuwa saa sita na nusu.

Syombua akachomeka ufunguo nyuma ya mashine, akaweka ile programu ya kujifanya kompyuta ya zamani, akaielekeza itumie mlango wa kweli. Akaita programu ya Mwalimu. Jibu likatoka: ufunguo haujaonekana.

"Hiyo ni nafuu," Mwalimu alisema kutoka kwenye kiti. "Haujaguswa hata. Lakini ukianza kusema jibu si sahihi, shika mkono wako. Huo ufunguo unahesabu makosa. Ukikosea mara kumi unajifunga, na ukishajifunga hata aliyeutengeneza hawezi kuufungua."

Syombua akageuka pole pole. Akamuuliza sasa umehesabu mangapi. Mwalimu akajikuna kidevu. Mwaka wake wa mwisho chuoni waliletewa kompyuta mpya, akajaribu, ikakataa. Mara tano, akasema. Labda sita.

"Mwalimu, tano ama sita?"

"Kama ningejua ningekuambia."

Basi ilikuwa ni hivyo. Zimebaki nne au tano, na hakuna anayejua.

Tatizo la kwanza lilikuwa mfumo mpya wenyewe. Mifumo ya siku hizi hairuhusu programu kugusa milango ya nyuma bila idhini, kama mwenye nyumba anayemtuma mlinzi kuuliza kila mgeni. Syombua alitafuta kwa simu, bando ikimwisha, mpaka akapata kidude kidogo cha programu kinachomtoa mlinzi njiani. Alikiweka. Kompyuta ikamwonya kwamba jambo hili ni hatari. Yvonne akalisoma onyo lile kwa sauti, akatazama picha za marehemu, akatoka kwenda kunywa maji. Syombua akabonyeza ndiyo, akaizima mashine, akaiwasha tena, ikachukua dakika tatu kuamka.

Akajaribu. Maneno yakabadilika: jibu si sahihi.

Moja. Alikagua kila mpangilio, akabadilisha namba ya mlango, akajaribu tena. Jibu si sahihi. Mbili. Alichomoa ufunguo, akasugua meno yake ya chuma kwa kifutio cha Yvonne, akaurudisha. Zimebaki mbili, au tatu. Ilikuwa saa nane kasoro kumi.

Hapo hakujaribu tena. Alikaa. Alimwona Mulwa kizimbani na lile shati lake la bluu alilolipiga pasi mwenyewe, na aliogopa. Bwana Ndeti alipiga simu kuuliza mambo yamefika wapi, akajibiwa bado. Akasema bado ni neno zuri mpaka kesho saa tatu.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, Syombua akadhani amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza. Alimwambia aeleze kinachotokea, si kwenye skrini, bali kwenye waya. Syombua akaeleza: programu inauliza ufunguo swali, ufunguo unajibu, programu inalinganisha.

"Inangoja jibu muda gani?"

"Haijaandikwa. Inahesabu moja mpaka elfu fulani, halafu inasoma."

"Na kompyuta ya zamani ilikuwa inahesabu hiyo elfu kwa muda gani, na hii inahesabu kwa muda gani?" Mwalimu akagonga meza kwa kidole. "Mashine yenu iko na haraka. Inauliza swali na kuondoka kabla mwenzake hajafungua mdomo, halafu inasoma upuzi. Haraka haraka haina nini?"

Haina baraka. Syombua alitaka kucheka na kulia. Ile programu ya kujifanya kompyuta ya zamani ilikuwa na mahali pa kupunguza mwendo, namba tu unayoandika, na yeye alikuwa ameiacha juu kabisa kwa sababu nani anataka kompyuta ya polepole. Akaishusha mpaka elfu kumi. Alingoja, akabonyeza.

Jibu si sahihi.

Tatu. Kama Mwalimu alikosea mara sita, imebaki moja. Yvonne alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, na hata yeye alikuwa ameacha kuangalia saa. Mwalimu alimuuliza ameshusha mpaka wapi. Alipoambiwa, akasema hiyo bado ni mbio. Kompyuta aliyochorea ilikuwa unaanzisha kazi, unakwenda kuchota maji, unarudi. Syombua akaandika elfu moja. Akafuta. Akaandika mia sita. Akauliza kama pengine ni polepole mno. Mwalimu akasema polepole haijawahi kumuua mtu. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, aliinamisha kichwa.

Syombua alibonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi muda mrefu sana. Yvonne alinong'ona jina la Yesu. Kisha jina la programu likatokea, herufi moja moja, na chini yake orodha ya majina ya mafaili, na jina la tatu kutoka juu lilikuwa FENSI.

Walishikana mikono, watu watatu, mmoja haoni na mwingine hajui kinachoendelea. Syombua alilia waziwazi. Saa ilikuwa nane na nusu, na kaka yake alikuwa amepona.

Mchoro ulijichora taratibu, mstari baada ya mstari, na ulipokamilika Syombua aliona jambo ambalo karatasi haikuweza kumwonyesha: rangi. Mistari ya upande wa juu wa bodi ilikuwa myekundu, ya upande wa chini kijani. Kila mahali Mwalimu alikuwa ameandika kwa Kikamba, kama alivyowalazimisha wanafunzi wake wote, kwa sababu alisema mtu asiyeweza kutaja stima kwa lugha ya mama yake hataielewa. Waya wa moto aliuandika MWAKI. Vipande viwili vya kuwekwa juu ya bodi aliviandikia YULU. Na kwenye mguu wa ile kinga paliandikwa NTHI.

Syombua alipeleka kishale kwenye mguu wa kinga, akabonyeza. Hivyo ndivyo programu ile ilivyofanya kazi: ukigusa waya, kila kilichounganishwa nao kinawaka. Waya ukawaka. Ulipita chini ya kipande kimoja, ukapotea nyuma ya kingine, ukatokea, ukaenda mpaka ukingoni, mpaka kwenye msumari wa kufungia waya wa ardhini. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kinga ilibuniwa, na ilibuniwa sawasawa.

Kisha akaufuata tena kutoka mwanzo. Maana mchoro wake mwenyewe, ule wa bodi kumi na mbili, aliujua kwa moyo, na ndani yake hapakuwa na waya huo.

Aliukumbuka vizuri ule mchana wa karatasi. Nyeusi na nyeupe, mistari imepandana, mchwa wameanza pembeni. Ameona YULU mahali pawili, akaelewa: hivi vinakaa juu. Amefika kwenye mguu wa kinga, akaona NTHI, akaelewa: huu unalehemewa chini. Mkamba yeyote akimwambia mtoto akae chini anatumia neno hilohilo. Juu na chini, yulu na nthi. Neno lilikaa vizuri mno hata hakulitilia shaka. Aliweka alama ya kulehemu upande wa chini, akaendelea na mstari uliofuata. Mguu wa kinga ulibaki umelehemewa vizuri, ukiwa haujafika popote.

"Unaiona kinga?" Mwalimu aliuliza.

Syombua alisema anaiona.

"Imekwenda wapi?"

"Nthi."

"Si ndiyo. Nthi ni nthi. Ardhi." Mzee alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, kwa sababu aliwafundisha wanafunzi miaka thelathini na aliijua vizuri sauti ya mtu aliyegundua kosa lake. "Mwanangu," akasema, "wewe uliielewa vipi?"

Mzee akanyoosha mkono hewani akimtafuta, akampata bega, akaanza kusema kwamba kosa ni lake, angeandika neno zima, angeandika kwa Kiswahili. Syombua alimwomba anyamaze. Alimwomba kwa heshima, lakini alimwomba.

Alitoka nje ya ofisi, akasimama kando ya tangi la maji, akampigia Mulwa. Alimwambia imefunguka.

"Izime urudi nyumbani," Mulwa alisema.

Hapo ndipo kila kitu kikakaa mahali pake: lile neno lake kwa polisi, kule kuizima laptopu, kule kutoka nje bila kujibu. Alimuuliza amejua tangu lini. Mulwa akasema tangu wiki ya mazishi ya Keinan. Kule Migwani mzee mmoja alikuwa na mashine ya zamani iliyotengenezwa na Mwalimu kwa mikono yake, Mulwa akaifungua, akailinganisha na zao, akauona waya uliokosekana. Syombua akasema kuna mashine zingine kumi na moja huko nje, Mulwa, watu wanazishika.

"Nilizizunguka zote na pikipiki. Nilizirekebisha wiki hiyohiyo. Hakuna atakayekufa tena." Alivuta pumzi. "Wewe uko na watoto wawili. Mimi sina mtu. Sema imekataa kufunguka. Ni kitu imekataa kila mahali, nani atashangaa?"

"Na Abshiro?"

"Abshiro mume wake amekufa, mwiitu wa mwaitu, dada yangu. Jina la aliyechora halitamrudisha."

Syombua alikata simu bila kuaga. Ilikuwa ukweli kwamba hakuna atakayeshangaa. Kompyuta imekataa: kila mtu Kenya hii ameshaambiwa hivyo kwenye dirisha la ofisi fulani na akarudi nyumbani. Aliwaza watoto wake, mmoja darasa la tano na mwingine la pili, na nani atawasuka nywele Jumapili. Aliogopa jela kuliko alivyoiogopa kwa ajili ya Mulwa, na aliona aibu kwa tofauti hiyo. Alikaa pale kwenye tangi mpaka watu wa kamati ya mazishi walipoanza kuingia lango la kanisa kwa vikundi.

Aliporudi ndani, Yvonne alikuwa ameketi mbele ya skrini, mkono juu ya kipanya. Alisema watu wamefika, kompyuta inahitajika, na akauliza:

"Dada, nichape ama nifunge?"

Mwalimu aligeuza uso kuelekea walipo. Syombua alimwambia achape, nakala mbili za rangi. Kisha akatoa flashi yake kwenye mkoba, akamwonyesha faili lingine, mchoro wake mwenyewe, akamwambia huo pia.

Asubuhi ya Ijumaa koridoni pa mahakama palikuwa pamejaa. Mulwa alikuwa amesimama karibu na mlango na Bwana Ndeti. Aliziona karatasi mkononi mwa dada yake, akaanza kumjia, Syombua akatikisa kichwa, akampita. Hakwenda kwa wakili. Alikwenda kwenye benchi la mwisho, ambapo Abshiro alikuwa amekaa peke yake kama alivyokaa kila siku ya kesi, amejitanda buibui nyeusi, mkoba mapajani. Tangu msiba walikuwa wakisalimiana tu, kila mmoja akipita haraka.

Alimsalimia kama zamani, akamwita Mama Sabrin, akaomba nafasi ya kukaa. Abshiro akasogea. Syombua alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka, akabaki na yale mafupi. Alimwambia mashine haikuharibiwa na mvua. Alimwambia Mulwa hakuichora. Aliichora yeye, akasoma neno moja vibaya, akaacha waya.

Abshiro hakulia wala hakuinua sauti. Alimwomba amwonyeshe.

Syombua aliziweka karatasi mbili kwenye benchi katikati yao. Kwenye ile ya Mwalimu aliufuata mstari wa kijani kwa kidole, kutoka kwenye kinga mpaka kwenye msumari wa ardhini. Kisha akaweka kidole mahali palepale kwenye karatasi yake, ambapo mstari haukuwepo. Abshiro akauondoa mkono wa Syombua taratibu, akaweka kidole chake yeye. Nafasi ile ilikuwa nyembamba, ukucha wake uliifunika yote.

"Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Padogo hivi?"

Syombua alisema ndiyo. Abshiro aliinua kidole, akapaangalia, akakirudisha. Ndani ya chumba karani aliita jina la Mulwa, akaliita tena. Watu wakaanza kusogea mlangoni. Abshiro alikunja zile karatasi pamoja, akazinyoosha mkunjo kwa kiganja, akampa Syombua.

"Ingia uwaambie," alisema. "Vile umeniambia mimi."

Syombua akazipokea. Mulwa alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake, anamwangalia dada yake machoni, anatikisa kichwa. Syombua alimsogeza kando kwa mkono mmoja, akaingia mbele yake.